Mkono wa Kushoto wa Kinyozi

14 Januari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mzima, na kile kibao cha duka lako bado kimepinda upande ule ule. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imenishika masikio, navaa soksi mbili mbili. Mama aliniambia kwenye simu kwamba goti lake limepoa, lakini nilimsikia akiguna alipokaa. Niambie wewe ukweli.

Nimekuandikia kwa sababu nina shida, na wewe na simu ni paka na panya. Nimepata kazi mpya hapa chuoni. Tuna Profesa anayechunguza jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyosalimiana bila kutamka neno: anayeinama, anayeweka kiganja kifuani, anayenyanyua nyusi basi. Tunaletewa video, kompyuta inafuta sura na nguo, inabakiza nukta kwenye kila kiungo cha mwili na mistari ya kuziunganisha. Unaona vijiti viwili vinakutana. Mkono unapokwenda unaacha mstari nyuma yake kwenye kioo, wa bluu ukienda polepole, mwekundu ukienda haraka. Mtu akishaondolewa sura unaona mambo ambayo ungeyapita.

Kutoka kwetu hatuna hata video moja, na mimi ndiye mtu wa kule peke yangu hapa. Naona aibu. Naomba Mama aweke simu yake kwenye rafu yako siku mbili tu, irekodi wanaoingia wakisalimiana, watu waulizwe kwanza, asiyetaka aachwe. Mtaani kwetu hakuna anayesalimiwa kuliko kinyozi.

Mpwa wako,
Sindano


2 Februari

Sindano wangu,

Marahaba sana. Sisi huku tunasukuma siku. Goti la mama yako lingekuwa gari lingeshauzwa vipuri, lakini bado anapanda ngazi kuja kunigombeza, kwa hiyo usimlilie. Mshonaji wa mlango wa pili anakusalimu. Anasema akikumbuka ulivyokuwa mwembamba anashangaa hukupeperuka njiani.

Kuhusu simu, mimi sina ugomvi nayo, ni yenyewe haikipendi kidole changu. Nagusa jina la mama yako, inampigia fundi bomba. Kalamu haina kiburi hicho.

Ombi lako limefanyika. Simu ilikaa siku mbili kati ya poda na spiriti. Siku ya kwanza watu waliingia dukani kama wamekuja kupiga picha ya pasipoti, mshonaji akavaa tai. Siku ya pili wakasahau, wakaingia na miayo yao ya kawaida. Mama yako amehesabu salamu arobaini na moja. Mimi nimo karibu zote, kwa hiyo waambie wasomi wako wanikate tumbo kidogo wakipata nafasi.

Samahani kwa mwandiko. Nabana karatasi.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, na tafadhali kaa kwanza. Ningekuwa na mabawa ningekuja kukuambia mwenyewe.

Kati ya salamu zile arobaini na moja, ishirini na tatu zina kitu ambacho Profesa hajawahi kukiona. Mkono wa kulia unatoka, na papo hapo wa kushoto unakuja kuushika kwenye kifundo cha mkono, unaubana mpaka salamu iishe. Mshonaji anafanya hivyo, muuza magazeti anafanya, hata Mama anafanya. Tunazo video za watu wanaogusa kiwiko au kifua wanapopeana mkono, lakini kubana kifundo namna hii hatuna. Tulipoziweka salamu zote ukutani kwa pamoja, zenu zilijitenga kwenye kona yao zenyewe. Profesa alipiga makofi.

Kisha akaniuliza mbele ya wenzangu wanane, "Hii ndiyo salamu ya kwenu?" Nikasema ndiyo. "Ina maana gani?" Nikasema ni heshima, mkono wa kushoto unaushuhudia wa kulia kwamba hauna hila. Mjomba, maneno yalitoka yenyewe. Sikumbuki kuiona salamu hiyo nilipokuwa mtoto. Lakini nimeondoka miaka sita sasa, na ningewezaje kusema mbele ya watu kwamba sijui watu wa kwetu wanavyosalimiana? Niambie ilianza lini na nani alikufundisha, ili maneno yangu yapate miguu.

Mwishoni mwa Mei tuna maonyesho. Wewe utakuwa ukutani, urefu wa mita tatu.

Jambo moja dogo. Barua yako herufi zilianza kubwa zikaishia kama sisimizi, nimeisoma kwa miwani ya mwenzangu. Usibane karatasi hivyo, mbona zamani ulikuwa unajaza ukurasa kwa maneno kumi.

Sindano


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua zimeanza, bati la duka linavuja pale pale. Mama yako mzima.

Salamu hiyo ni ya zamani. Babu yako alisalimia hivyo. Wewe ulikuwa mdogo, hukuangalia.

Huko ukutani waweke mshonaji, yeye ndiye anayependa kutazamwa. Mimi niondoe.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sitauliza habari za goti wala za bati. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi.

Sikukuondoa ukutani. Nilidhani unaona haya, na mimi nilikuwa najivunia wewe. Jana maonyesho yalifunguliwa. Ukumbi umejaa, watu wanaingia na vikombe vyao, na wewe uko kwenye ukuta mkubwa, katikati ya mshonaji na Mama, vijiti na nukta, unanyoosha mkono, wa kushoto unakuja kuukamata wa kulia. Chini yake yameandikwa maneno yangu: salamu ya heshima ya mtaa wetu, iliyorithiwa kutoka kwa mababu. Nilisimama pembeni nikipokea pongezi mpaka shavu likauma kwa kutabasamu.

Akaja mama mmoja mfupi mwenye koti la kijivu. Alikuangalia mara nne. Akaniomba nipunguze kasi ya picha, nikapunguza. Akaomba tena. Kisha akanionyesha kwa kidole mstari unaoachwa na mkono wako. Wa mshonaji umenyooka. Wa Mama umenyooka. Wako una mawimbi madogo madogo, matano kwa kila sekunde, kabla tu mkono wa kushoto haujafika. Ukifika yanapungua, lakini hayaishi, yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Akasema, "Hawa wengine wanashika. Huyu anazuia." Nikamwuliza yeye ni nani. Ni daktari wa mishipa ya fahamu.

Mjomba! Nimeiangalia picha hiyo miezi miwili kila siku. Nimeipaka rangi mimi mwenyewe. Mawimbi yale niliyaona, nikadhani ni simu ya Mama iliyotikisika kwenye rafu, nikayalainisha kwenye nakala yetu ya kazi, maana Profesa anapenda mistari safi. Ile ya ukutani tu ndiyo tuliyosahau kuisafisha.

Daktari aliniuliza kama mwandiko wako umekuwa mdogo. Hapo nikakaa sakafuni mbele za watu.

Nimerudi kuangalia video ya kawaida, yenye sura yako. Unacheka, unamtania muuza magazeti, na mkono wako wa kushoto unafanya kazi ambayo mdomo wako haukuisema. Babu hakusalimia hivyo. Nimempigia Mama kumwuliza. Akasema yeye alianza kufanya hivyo mwaka jana kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unafanya, na mtaa mzima ulikuigiza wewe.

Wewe unashika wembe kwenye koo za watu. Niandikie.

Sindano


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mwezi umekatika. Mama anasema hutaki kuzungumzia barua yangu, na kwamba duka limefungwa wiki mbili "kwa sababu ya bati". Bati la duka lako limevuja tangu sijazaliwa na hujawahi kufunga hata saa moja.

Nimekasirika, na nimeogopa, na sijui kipi kilianza. Kama na wewe umekasirika, nitukane, lakini nitukane kwa maandishi.

Sindano


19 Julai

Sindano,

Marahaba. Huu ni mwandiko wa mama yako. Yeye anaandika na mimi nasema, na tumekubaliana asiongeze chumvi. Goti lake liko vile vile, amesema niseme limepoa.

Barua yako ya Mei ilifika asubuhi, mshonaji akiwa ameshakaa kwenye kiti na povu limeshapakwa mashavuni. Nikaisoma nimesimama. Sikiliza, mwanangu, nikuambie nilichohisi. Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni. Miezi kumi na minane nimeficha mkono huu. Nimemficha dada yangu anayekuja hapa kila siku ya Mungu. Unatetemeka zaidi ukiwa hauna kazi. Wembe ukishagusa ngozi unatulia, ndiyo maana niliweza kunyoa. Shida ilikuwa ni pale katikati, mtu anapoingia na kunyoosha mkono, na wangu uko hewani. Hapo ndipo nilipoanza kuushika. Kisha nikaona mshonaji naye anaushika wake, akidhani nimempandisha cheo. Baada ya mwezi mmoja mtaa mzima unanisalimia hivyo. Ningesema nini? Nilifurahi. Katikati ya watu wanaoshika vifundo vyao, mimi sikuonekana.

Na wewe, kutoka huko mbali, kwa mashine isiyonijua, ukaniona.

Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni. Nikajiambia, mashine ni mjinga, daktari wake ni mjinga, na nitawaonyesha. Nikachukua wembe.

(Mimi mama yako. Hapa ametoka uani, nimemngoja mpaka akarudi.)

Mkono haukutulia kama ulivyozoea. Nilimkata mshonaji sikio, ncha ya chini. Halikuanguka, lakini damu ilijaa kitambaa, na yeye alikuwa ananiangalia kwenye kioo. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu mkono, na wembe, na ule mkono mwingine uliochelewa kuja. Nikaona kwenye macho yake kwamba ameelewa yote kwa mara moja. Wamemshona nyuzi mbili. Tangu siku hiyo hajapita mbele ya duka langu, na mlango wake uko hatua sita.

Aliongea na mama yako. Alisema, "Mwaka mzima tumemwigiza ugonjwa wake, na yeye anatuangalia. Wajukuu zangu nimewafundisha. Alikuwa anatucheka?"

Sikuwacheka. Naomba uandike hilo mahali, kama unaandika kitu. Mama yako ananiambia mficha maradhi kilio humuumbua. Namwambia mimi nimeumbuliwa na mpwa wangu kabla kilio hakijapata nafasi.

Duka limefungwa. Miaka thelathini na minne nimeamka nikijua mimi ni kinyozi. Sasa naamka, basi.

Mjomba wako


4 Agosti

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea jikoni, nikairudia hadi chakula kikaungua. Namshukuru Mungu sikio la mshonaji lipo. Mwambie Mama mwandiko wake umeniliza, hasa pale kwenye mabano.

Nilidhani mimi ndiye niliyegundua kitu, kumbe nimekuvua nguo na kuweka jina chini yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema "sijui" mbele ya watu wanane, nikashindwa. Wewe ulificha mkono, mimi nilificha kwamba nimesahau kwetu. Hatuwezi kuchekana.

Nilikwenda kwa Profesa nikamwambia yote. Kwamba si salamu ya mababu. Kwamba maana niliitunga. Kwamba mawimbi niliyafuta mimi. Alivua miwani, akaiweka mezani. Nilijua kazi imekwisha. Akasema, "Ningekufukuza kwa hayo mawimbi. Lakini umekuja mwenyewe." Nimeondolewa kwenye kuandika ripoti, nimerudishwa kuweka nukta, kama siku ya kwanza. Ni haki. Picha yako imeshushwa siku hiyo hiyo, mimi mwenyewe nilipanda ngazi.

Sasa nisikilize. Daktari yule mwenye koti la kijivu amenipa saa nzima. Hajakupima na hawezi kusema ni nini kwa kuangalia vijiti, alilirudia hilo mara tatu. Lakini anasema mitetemo kama hiyo ina majina, na mingine ina dawa, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akifanya mambo yake. Siyo yote. Amesema wazi kwamba wembe uwekwe chini. Nimekuandikia kwenye karatasi ya pili maswali ya kumwuliza daktari wa huko. Nenda, Mjomba. Sikuombi kama msomi, nakuomba kama mtoto uliyemnyoa nywele za kwanza.

Profesa ana swali moja, na mimi pia ninalo. Picha bado ipo kwenye hifadhi yetu. Akasema mwenye mkono ndiye aamue: tuifute, au ibaki na maneno mengine chini yake. Unataka iandikwe nini?

Sindano


1 Oktoba

Sindano wangu,

Marahaba. Unaona huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Daktari aliniambia niandike herufi kubwa kwa makusudi, kama nafundisha watoto, na karatasi yenye mistari. Barua hii imenichukua siku tatu. Usiihurumie, isome.

Nilikwenda. Mama yako alinisindikiza na goti lake, tukaonekana kama askari wawili waliotoka vitani. Ugonjwa una jina, nimeliandika nyuma ya bahasha kwa sababu sipendi kuliweka katikati ya maneno yangu. Dawa ninameza mara tatu kwa siku. Mkono umepunguza ukorofi, haujaacha.

Wembe nimeuweka kwenye droo. Siku nilipoufunga nililia, na sioni sababu ya kukuficha, tumeshafichana vya kutosha.

Duka limefunguliwa. Utashangaa na mtaa mzima umeshangaa: anayenyoa ni mama yako. Amekaa kwenye kile kiti kirefu, mashine ya kunyolea mkononi, na mimi nimesimama nyuma nikimwelekeza. Wembe hagusi, ni mashine tu. Wateja wanamwogopa kuliko walivyopaswa kuuogopa mkono wangu. Wiki ya kwanza alimtoa muuza magazeti na kichwa chenye njia tatu, kisha akamwambia ndiyo mtindo. Hajambo, anajifunza.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Ijumaa iliyopita mshonaji aliingia. Miezi mitatu na nusu hajakanyaga pale. Alama ya nyuzi bado ipo sikioni. Watu wanne walikuwa wanangoja, na mama yako akazima mashine. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kioo, mikono nimeitia mfukoni.

Akasema, "Itoe."

Nikaitoa. Wa kulia ukaanza mambo yake pale pale, mbele ya kila mtu, na nilitaka ardhi inimeze. Wa kushoto ukataka kwenda kuushika kama ulivyozoea. Akasema, "Huo uache." Nikauacha. Akanyoosha mkono wake wa kulia akaushika wangu, na mkono wake wa kushoto akauleta akaubana wangu kwenye kifundo. Wangu, si wake. Mkono ukatulia. Tukasimama hivyo. Mkono wangu wa kushoto ukabaki unaning'inia hauna kazi, na mimi, mtu niliyezika mke na wazazi bila kuyumba, nikashindwa kusema hata ahsante.

Kisha akasema, "Mimi ndiye mshonaji hapa, na wewe ndiye uliyenifanya nishonwe. Tumemalizana." Akakaa kwenye kiti, akamwambia mama yako apunguze pembeni tu na asiguse masikio.

Muuza magazeti alipokuwa anatoka akanishika vile vile. Jumamosi wakanishika watu sita. Sikuwaambia kitu, na mshonaji anaapa hakuwaambia.

Uliuliza iandikwe nini chini ya picha. Usiifute. Andika kwamba huyu ni mtu mmoja, alikuwa anaficha, na majirani zake walidhani ni heshima. Huo ndio ukweli, na hauumi kama nilivyodhani.

Lakini picha hiyo imeshapitwa na wakati. Waambie wasomi wako wapige nyingine, na safari hii simu isiachiwe mama yako, uje nayo wewe. Nimezipitia zile salamu arobaini na moja kichwani, jina kwa jina. Wewe haumo hata moja. Miaka saba kasoro unaniandikia shikamoo kwenye karatasi, na mimi nakujibu marahaba kwenye karatasi, mkono wako sijaugusa.

Njoo. Ukiingia mlangoni nitaunyoosha wangu kama ulivyo, unatetemeka. Unajua pa kuushika.

Mjomba wako